Dhima ya Taka za Mtaa

Siku ya kukusanya taka za kurejelezwa na taka za hatari mtaani huendeshwa na wachache kwa niaba ya wengi. Vijana wa kujitolea hupanga meza nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, baadhi ya kaya huleta mizigo yao, nyingine haziji kabisa. Fikihi ya Kiislamu, iliyolea miji mingi ya pwani, ina fungu la mambo kama haya: fardhi kifaya, yaani wajibu wa umma mzima. Wakiutimiza watu wa kutosha, waliobaki husalimika na lawama. Usipotimizwa na yeyote, mji wote hubeba dhambi. Mfano uliozoeleka ni kuosha na kuzika maiti. Kuondoa kinachodhuru njiani nako, katika mafundisho ya Mtume, kumehesabiwa kuwa tawi la imani. Linalobaki kuulizwa ni kama hao wasiokuja wamesalimika kweli.

Imam al-Juwayni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliona kwamba anayesimamia fardhi kifaya anaweza kumpita kwa daraja anayetimiza fardhi aini, yaani wajibu wa kila mtu binafsi, kwa kuwa huyu hujiokoa nafsi yake na yule huwaokoa wenzake wote. Hoja hiyo inampa hadhi kubwa kijana aliyevaa glavu na kushika kiroba, na inafaa kutajwa misikitini na barazani, maana kazi ya taka huachiwa mara nyingi watu ambao hata salamu hawapewi.

Lakini hoja hiyo haimfungulii mlango aliyebaki nyumbani. Kuzibua mtaro ni kazi ambayo mtu anaweza kumfanyia jirani yake. Dawa zilizopita muda kabatini, tyubu ya taa iliyoungua na kuegemezwa nyuma ya mlango, betri ya sola iliyokufa chini ya kitanda, hivi anavijua mwenye nyumba peke yake. Hakuna wa kumtengea wala wa kumletea. Kwa hiyo kukusanya ni kifaya, ila kutenganisha na kuleta kunaelekea zaidi kuwa aini. Rwanda imeutilia sheria wajibu wa namna hii kwa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, inayowahusu wenye afya wa miaka 18 hadi 65. Sheria huweza kumtoa mtu barabarani na jembe. Kumfanya afungue kabati lake kwa uaminifu ni kazi ya dhamiri.

Mjitoleaji anapoipokea betri mkononi, hukumu inabadilika: sasa ameshika amana. Fikihi haimdai mwenye amana fidia kwa hasara isiyotokana naye, ila humdai akizembea, na uzembe hapa unaonekana kwa macho. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na ndani yake mna tindikali. Isimamishwe wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na moto na watoto. Tyubu ya taa ina zebaki, hivyo ifungwe kwa magazeti ikiwa nzima, isivunjwe ili kubana nafasi. Kisha kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayetoboa betri na kumwaga tindikali mtaroni ili abaki na risasi tupu. Anayemuuzia huku akiijua tabia hiyo amekhini amana, hata kama meza yake imebaki safi.

Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kinalithibitisha hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu hadi 2014, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu ikatenguliwa 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Betri zile zilikuwa zikirejelezwa. Neno hilo peke yake halitakasi kitu, kwani kanuni ya mafakihi ni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo. Mtaa uliojisafisha kwa kuutia sumu mtaa mwingine haujatimiza fardhi yoyote.

Kutokana na hayo, waandaaji wanalazimika kujua mwisho wa kila kitu kabla ya kutangaza siku. Wasichokuwa na pa kukipeleka, wakitaje mapema kwamba hakipokelewi, kikae kwa mwenyewe kikiwa kimefungwa vizuri mpaka njia ipatikane. Kukataa kwa uwazi ni salama zaidi kidini kuliko kupokea na kukitelekeza dampo usiku.

Kuna pia suala la fedha. Vyuma, chupa na maboksi vina bei. Tyubu na dawa mbovu vina gharama ya usafiri na ya kuteketezwa ipasavyo. Malipo ya chai na nauli kwa waliojitolea hayana ubaya, ila gharama ya vile visivyo na mnunuzi ndiyo itangulie kutolewa katika mapato ya siku hiyo, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyowafanya majirani waiamini ile meza.