Kabla ya kumlaumu mama wa jikoni, pima ghala lako

 

Mada yangu ya leo wapo watakaoiona ndogo, tena ya wanawake. Ni chakula cha nyumbani: kinapatikanaje, kinapikwaje, na kwa nini fedha yake haitoshi. Naomba usiufunue ukurasa upesi. Tumefundishwa kwa kirefu mambo yanayotengua udhu na yanayobatilisha funga, na hilo ni jema. Lakini ni khutba ngapi umezisikia juu ya namna ya kupima unga? Na hali Qur'an na Sunna havikulinyamazia jambo hili hata kidogo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni mkulima na mwalimu wa madrasa hapa Endabash, Wilaya ya Karatu. Nyumbani kwangu tunakula watu 7. Mwaka 2022 Allah (S.W.) alitujaalia magunia 14 ya mahindi. Julai, mahindi hayajamaliza hata wiki tatu ndani, niliuza magunia 10 kwa shilingi 70,000 kila moja. Kijana wa kaka yangu alikuwa anaoa, na mimi ni baba yake mdogo. Sehemu kubwa ya ile fedha ikaingia katika walima: mchango wa ng'ombe, mchele, soda, turubai na viti vya kukodi. Tulitaka watu waseme. Asubuhi yake nilishuhudia kwa macho yangu wali uliobaki katika masufuria ukimwagiwa kuku na mbwa.

Magunia manne yaliyobaki yaliisha mwishoni mwa Desemba. Kuanzia Januari 2023 tukawa watu wa kununua kwa sado, sisi wenye shamba. Ilipofika Februari gunia nililouza 70,000 lilikuwa limefika 120,000, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Basi ikawa kila jioni nikirudi namuuliza mke wangu ile elfu tano niliyoiacha asubuhi imekwenda wapi. Si kuuliza tu, namsomea na aya za israfu! Nilizihifadhi vizuri sana.

Siku moja akaniletea daftari la mtoto na kalamu. Akasema, "Ustadh, wewe ndiye unayejua kuandika. Wiki hii andika kila senti inayotumika kwa chakula, ya kwangu na ya kwako. Ijumaa utanihukumu."

Nikaandika. Upande wake kulikuwa na unga, maharage, chumvi, nyanya, na mafuta ya kula ya kupimiwa ya shilingi 500 kila siku. Nikadhani hapo nimempata. Lakini 500 kwa siku ni 15,000 kwa mwezi. Fedha hiyohiyo ikitolewa mara moja ilikuwa inanunua lita mbili, wakati vile vipimo vya kila siku ukivikusanya havifiki lita moja na nusu. Nani aliyemfanya anunue kwa kipimo? Ni mimi niliyekuwa nampa fedha ya siku moja moja, kama kibarua. Upande wangu kulikuwa na chai na chapati mbili za mgahawani kila asubuhi, na supu siku ya mnada. Wastani ulikuwa 1,500 kwa siku, bi maana 45,000 kwa mwezi, kwa tumbo la mtu mmoja ambaye nyumbani kwake watoto wanakunywa uji usio na sukari. Mke wangu hakusema neno. Alifunga daftari akaenda kuchota maji.

Usiku ule nikakaa nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga Julai. Nyumba yetu inatumia kilo mbili na nusu za unga wa dona kwa siku. Kwa mwaka ni kama kilo 900, yaani magunia 9. Nilikuwa nayo 14. Ningeuza matano tu, nisingeomba sado kwa mtu. Nilipouza kumi niliuza na matano ya watoto wangu kwa jumla ya 350,000, na kuyarudisha, hata kama ningekuwa na uwezo wa kuyanunua kwa gunia, yalitaka 600,000. Shilingi 250,000 zilipotea pale. Hakuna mwanamke duniani awezaye kuziba shimo hilo kwa kupunguza vitunguu katika mboga.

Ndugu Waislamu, hapa ndipo penye nukta yangu. Tunapozungumza juu ya israfu ya chakula tunaangalia jikoni, na jikoni ni mahali pa mwisho. Israfu kubwa inafanyika mapema zaidi, mlangoni mwa ghala, na anayeifanya mara nyingi ni mwanamume.

Tukirejea katika mafundisho, Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul A'raf, aya ya 31, kula na kunywa bila ya kufanya israfu. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa wanapotoa hawapiti mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali huwa katikati. Haya tunayasoma sana. Lakini hebu tuitazame Suratul Yusuf, aya ya 47 na 48. Nabii Yusuf (a.s.) anaulizwa tafsiri ya ndoto, naye anawapa watu mpango wa chakula wa miaka: walime miaka saba, wanachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa sababu inakuja miaka saba ya shida. Angalia ufundi uliomo. Hakuwaambia waombe dua peke yake. Amewaambia kiasi cha kula, na namna ya kuhifadhi ili kisiharibike.

Wapo wanaosema kuweka chakula cha mbele ni upungufu wa tawakkul. La hasha! Imepokewa kwa Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Nani mwenye tawakkul kuliko yeye? Ni kweli pia kwamba Mama Aisha (r.a.) ameeleza jinsi miezi ilivyokuwa inaandama bila moto kuwashwa nyumbani kwao, wakiishi kwa tende na maji, kwani akiba yao walikuwa wakiwapa wenye shida. Na katika Bukhari imo amri ya kukipima chakula, na ahadi ya baraka kwa anayepima. Kwa hiyo mama anayechota unga kwa kikombe badala ya kumimina kwa macho anafuata Sunna, ajue asijue.

Sasa nieleze tunavyofanya nyumbani, maana nasaha isiyoingia chunguni haimshibishi mtu. Mpango ni wa mke wangu, mimi nimeuandika tu. Baada ya mavuno mahindi yanaanikwa yakauke barabara, kisha magunia 9 yanafungwa kwanza katika mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani isiyopitisha hewa, ili dumuzi wasipate pumzi. Hawa dumuzi waliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia Tabora, na wengi tunawaita skania kwa jinsi wanavyobomoa. Baada ya hapo ndipo tunazungumza habari ya kuuza. Fedha ya mafuta, chumvi na sukari namkabidhi mara moja kwa mwezi, naye hunihesabia.

Kila Alhamisi jioni anapanga mapishi ya wiki. Makande siku mbili, kwa kuwa mahindi na maharage yote ni yetu. Maharage na mahindi ya makande hulowekwa tangu usiku, na kuni zinazookolewa hapo si haba. Zamani tuliongeza magadi yaive haraka, sasa tumeacha, kwani magadi yanaua sehemu ya lishe iliyomo. Maharage yakichemshwa ni ya siku mbili, na huchemshwa upya asubuhi na jioni yasichache. Siku nyingine ni ugali kwa mnavu au majani ya kunde na ya maboga, yakiungwa kwa karanga za kusaga badala ya mafuta. Dagaa mara moja. Vitunguu tunanunua vinapokuwa vingi kutoka Mang'ola na kuvitandaza juu ya uchaga. Wali ni wa Ijumaa. Ugali uliobaki usiku ni kiporo cha asubuhi kwa chai, na mimi ndiye wa kwanza kuukata. Mgahawani siku hizi naingia kusalimia tu.

Na mbaazi! Hapa niseme kidogo zaidi, maana mbaazi zimetufundisha somo. Wakulima wa Karatu, kama wenzetu wa Babati, tumelima mbaazi miaka mingi kwa ajili ya soko la India. Watoto wetu walizijua shambani, si mezani. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwao, bei huku ikaanguka vibaya, na magunia yakabaki ndani. Ndipo tulipoanza kuzila kwa kukosa la kufanya. Wenzetu wa Tanga na Unguja wangetucheka, kwani wao mbaazi za nazi kwa maandazi ni staftahi ya heshima. Sisi hatuna nazi, tunatia karanga, na chungu kinafutwa mpaka chini. Mwaka 2021 India ilipofungua tena mlango, wengi wetu tulirudi kuuza hadi punje ya mwisho, kisha tukenda dukani kununua maharage. Hebu tujiulize, hii ni akili gani? Uza, lakini gunia la watoto libaki.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Miaka hii inaangukia Februari na Machi, wakati ghala limepungua na mahindi mapya hayajakomaa. Na hapo ndipo tunapotaka tambi, sambusa, maandazi, uji wa sukari nyingi na matunda, vyote kwa futari moja. Mwezi wa kupunguza kula umekuwa mwezi wa madeni dukani! Mtume (S.A.W.) alifuturu kwa tende, na asipozipata kwa maji. Tangu mwaka 2024 sisi tunaweka debe moja la mbaazi na viazi vitamu vya shambani kwa ajili ya mwezi huo, na sukari tunaanza kuiweka Rajabu, nusu kilo nusu kilo. Futari haina mbwembwe, lakini Idd imetukuta hatudaiwi.

Nitahadharishe jambo moja. Kubana matumizi si ubakhili. Imo katika Sahihi Muslim nasaha aliyopewa Abu Dharr (r.a.), kwamba apikapo mchuzi auongeze maji na awakumbuke jirani zake. Ukiitazama vizuri, hii ni elimu ya mapishi ya bei nafuu yenye sadaka ndani yake. Hapa Endabash Waislamu ni wachache, na jirani zetu wengi ni Wairaqw Wakristo. Bakuli la makande linavuka ua bila kuulizwa dini, kama alivyofanya Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, akauliza kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa. Ile Februari mbaya, jirani mmoja wa namna hiyo ndiye aliyetupa sado mbili na hakutaka kuzirudishiwa.

Basi mwaka huu mtihani umerudi palepale. Mtoto wa pili wa kaka yangu anaoa baada ya mavuno. Katika kikao cha kwanza nimepangiwa mchango unaolingana na magunia sita. Nikasimama nikakumbusha kwamba walima wa Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya (r.a.) haukuwa na nyama wala mkate, ulikuwa tende, maziwa makavu na samli, watu wakala wakaondoka. Nikasema mimi natoa mbuzi wawili na debe tatu za mahindi na maharage ya makande, na waalikwe majirani wote, na maskini kabla ya matajiri. Kaka yangu akanitazama kwa muda mrefu. "Mdogo wangu," akasema, "makande kwenye harusi? Watu watatucheka mpaka Karatu mjini."

Shemeji yangu, mama wa bwana harusi, alikuwa amekaa mlangoni. Akauliza kwa sauti ya chini kama lile daftari bado ninalo. Kikao cha pili ni Jumapili baada ya Alasiri, nami nitakwenda nalo.

Wabillahi tawfiq.