Mtoto Hana Deni Kwetu



Kwaresima inakaribia, na vijana katika parokia nyingi wameshaanza kuchanga: unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni za kufulia. Tutakwenda kwenye kituo cha watoto yatima, tutacheza nao mpira, tutakabidhi, tutapiga picha, tutarudi. Ni jambo jema kabisa. Ila kuna swali huwa tunalipita haraka: ukishamsaidia mtoto, unapata haki gani juu yake?

Swali hili ni la zamani katika Kanisa. Mwaka 1843 Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy kule Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu, shirika lile lile wanalosali nalo wadogo zetu parokiani. Aliwaomba watoto kitu kidogo tu: Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi, kwanza kwa ajili ya watoto wa China. Mtoto amsaidie mtoto mwenzake. Sehemu ya sadaka hizo ilifika hadi kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar mwaka 1863 na kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa utumwani. Yaani waliwanunua ili wawe huru.

Wawe huru, sawa, lakini kwa kiasi gani? Watoto walipata chakula, shule, ufundi na ubatizo. Pia waliishi kwa kengele ya misheni: saa ya kusali, saa ya kusoma, saa ya kulima. Walipokua wakaoana, walipewa makazi katika Kijiji cha Uhuru, na sheria za misheni zikawafuata hadi huko. Wapo waliotoroka. Utasema hawakuwa na shukrani? Mimi nawaelewa. Mtu aliyewahi kuuzwa anajua haraka kama mlango uko wazi au umefungwa. Na tusiwaonee wale mapadre. Wengi wao walikufa kwa homa wakiwa bado vijana, na makaburi yao yapo pale pale Bagamoyo. Walitoa maisha yao. Bado kutoa maisha hakukuwapa umiliki.

Huko Marekani, katika karne ya 20, wanafunzi wa shule za Kikatoliki walichanga dola 5, kisha wakachagua jina la ubatizo la mtoto wa mbali wasiyemjua. Walikuwa na moyo safi, nadhani. Lakini jina la mtu jamani!

Sisi hatuchagui majina, tunachukua sura. Mtoto wa miaka tisa anasimamishwa na mche wa sabuni mkononi, nyuma yake vijana ishirini wenye fulana zinazofanana, na jioni ile ile picha iko mtandaoni. Baada ya miaka mitano yuko sekondari, na mwenzake anaikuta.

Najua jibu: bila picha watu hawachangi. Si hoja ya kupuuza, hata wale watoto wa Ufaransa wasingetoa sarafu bila kusimuliwa. Lakini kusimulia shida hakuhitaji uso wa mwenye shida. Kama wachangaji wanataka uthibitisho, wapigieni picha magunia ya unga.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, wanafunzi wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Yesu anamchukua mtoto, anamsimamisha katikati yao na kumkumbatia. Hamdai neno la shukrani, wala Marko hatutajii jina lake.

Basi kwenye kikao cha maandalizi lazima mtu atauliza nani atakuwa mpiga picha. Mkimaliza hilo, ulizaneni na hili: tukifika pale, mtoto mmoja akasema hataki kucheza na sisi, anataka kwenda kulala, tutamwacha alale?