Ujira wa Mazoea

Katika ala zote zinazopigwa na wanadamu, sijui kama iko moja inayomkaribisha mgeni kwa bashasha na kisha kumfunga kwa hila kama gitaa. Udi, ambao shingo yake ni laini haina kizuizi, humwadhibu mwanafunzi papo hapo kila kidole kinapokosa mahali pake kwa upana wa punje ya mchele, hata akalazimika kulifunza sikio kabla ya kuufunza mkono. Lakini gitaa, kwa kuwa zile freti, vyuma vyembamba vilivyokatiza shingoni mwake, hutafuta sauti kwa niaba ya mpigaji, humpa mtu wimbo wa kwanza kabla hajaustahili. Kodi tatu, yaani mafungu ya sauti zipigwazo pamoja, zikisha kukaa mkononi, kijana huketi barazani jioni, wenzake wakaimba naye, na tangu saa hiyo huamini kwamba njia yake ni njia ya haki, maana imekwisha kumlipa. Nami, niliyekaa miaka mingi upande wa wasikilizaji, ambako mtu husikia kilichotoka na si kilichokusudiwa, nimekuja kusadiki kwamba ada mbaya za wapiga gitaa hazidumu kwa sababu ya ujinga, wala uvivu, kama walimu wao wapendavyo kusema. Hudumu kwa kuwa kila moja ina ujira wake, na ujira huo hulipwa taslimu.

Iangalie ada ya kuikaba shingo ya gitaa, ambayo ndiyo ya kwanza kuonekana. Uzi ukibonyezwa karibu kabisa na freti, hutoa sauti safi kwa nguvu ndogo. Ukibonyezwa mbali nayo, hukwaruza, na mpigaji, badala ya kukisogeza kidole, huongeza nguvu. Mkwaruzo hukoma, naye akaridhika, asijue kwamba uzi uliokandamizwa kupita kiasi huvutika, na uzi uliovutika hupanda sauti, hata ala iliyolinganishwa kwa makini asubuhi ikasikika jioni kama iliyotoka kwenye gunia. Hapo hulaumiwa nyuzi, zikanunuliwa nyingine. Kisha hulaumiwa gitaa, na gitaa nalo likauzwa. Maumivu ya kifundo cha mkono yanapokuja, huitwa kazi. Kuna pia ada ya kutazama vidole bila kuinua macho, na ya kukiacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani bila shughuli, na ya kupiga mguu chini kwa mwendo usiolingana na wa wimbo. Lakini hizo mwalimu mwenye subira huzitibu, sina haja ya kuzikalia.

Ada ninayoiona kuwa na madhara zaidi kuliko zote za chumbani ni ile ya kurudi mwanzo. Aliye na jirani anayejifunza gitaa anaijua hata kama hajapata kuitaja: wimbo huanza vizuri, ukaenda mpaka mahali fulani, ukajikwaa, ukanyamaza, kisha ukaanza tena tangu mwanzo kana kwamba mahali palipoharibika patajitengeneza penyewe njiani. Jioni nzima hupita hivyo. Mwanzo wa wimbo, ambao haukuwa na dosari, hupigwa mara thelathini. Mahali pa dosari hupigwa mara thelathini pia, lakini kwa makosa. Na mwisho haupigwi hata mara moja. Mkono wa mwanadamu hauna dhamiri. Haujui sahihi wala kosa, hujua kilichorudiwa tu, na aliyekosea mara thelathini kisha akapatia mara moja akaenda kulala kwa furaha, ameusomesha mkono wake masomo thelathini ya kukosea. Tena hujifunza na kule kusimama, hata siku ya hadhara, mbele ya watu, vidole vinapofika pale pale husita kwa uaminifu ule ule viliofundishwa. Nimewajua watu wenye miaka mingi katika fani hii ambao wana mianzo ya nyimbo arobaini na miisho ya nyimbo nne. Kwa nini hawaanzi pale wanapojikwaa, ilhali kila mtu mwenye akili timamu angewaambia hivyo? Kwa sababu mwanzo ni mtamu. Pale mtu hujisikia yu mahiri, na kurudi kwake ni kwenda kuchukua malipo. Mahali pa kujikwaa hapalipi chochote ila fedheha.

Haraka nayo ina ujira mkubwa zaidi, kwa kuwa haraka hulipwa na wengine. Vijana wetu wamelelewa na sebene la Kikongo, kile kipande ambapo waimbaji hutulia na gitaa la solo likashika hatamu, nao wamelipenda kwa haki. Lakini wengi wamelipokea pasipo kuzipokea beti za taratibu zilizolitangulia, ambazo ndizo zilizolipa sebene maana yake. Dawa ya vidole vinavyokimbia inajulikana kwa kila mwalimu, nayo ni kuupiga wimbo kwa nusu ya mwendo wake, pamoja na metronomu, kile chombo cha kuhesabia mwendo, siku baada ya siku, mpaka kila sauti iwe na umri wake kamili. Wachache huimeza. Upole huanika kila kitu, na mtu aliyekwisha kupigiwa makofi huona vigumu kuonekana, hata na nafsi yake mwenyewe chumbani, akitambaa kama mwanafunzi wa juzi.

Haifai hata hivyo kila kilicho kinyume cha kitabu kiitwe ada mbaya. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, alikuwa akizikung'uta nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada, basi. Na wimbo wake wa Masanga hata sasa huchunguzwa na kuigwa na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani waliofundishwa kutumia vidole vinne. Django Reinhardt, ambaye moto wa mwaka 1928 ulimlemaza vidole viwili vya mkono wa kushoto, alipiga solo kwa viwili vilivyobaki, akawashinda wenye mikono mizima. Hawa vidole vyao vilitii sikio. Kipimo changu, ambacho nakubali ni cha msikilizaji na si cha fundi, ni kumwomba mpigaji apige vingine: akiweza na akachagua kurudia njia yake, ule ni mtindo wake, asipoweza, amefungwa.

Imebaki ada ya jukwaani, ambayo kwayo sisi wasikilizaji hatuna pa kujificha. Bendi ya dansi ina gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na huenda likawamo la pili la solo, na uzuri wake wote umo katika kupeana nafasi. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na bendi ya Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na katika sahani zake za santuri gitaa hungoja sauti imalize neno lake ndipo lijibu. Leo aghalabu mpiga solo hangoji. Huongeza sauti ya amplifaya yake ajisikie. Wa ridhimu, akiisha kufunikwa, huongeza yake. Wa besi naye hakubali. Na mwimbaji hubaki akifumbua na kufumba kinywa. Ukumbini nimemtazama mwimbaji akiwaashiria wenzake kwa kiganja washushe, nao wakimtazama kwa upendo bila kushusha. Wakati huo huo tajiri mmoja huinuka mezani, akapanda jukwaani, akambandika noti usoni yule aliyezidi kwa kelele na kwa kasi, ukumbi mzima ukashangilia. Yule wa ridhimu, aliyeushikilia mwendo ule ule kwa robo saa bila kuyumba ili mwenzake apate pa kurukia, sijamwona akituzwa.

Walimu wataendelea kukemea na vijana wataendelea kuahidi, na ada zitaendelea maadamu mishahara yake haijakatwa. Wa chumbani akate wa kwake mwenyewe: leo usiuguse mwanzo wa wimbo, anzia pale panapokushinda. Na wewe mwenye kwenda dansini Jumamosi, ukiwa na noti ya kutuza, mpite mpiga solo, umpelekee wa ridhimu.