Msitu na Mgonjwa Tusiyemjua

Mkulima wa Kilwa afyekaye msitu apate shamba la ufuta awatafutia wanawe chakula, hatumlaumu. Lakini yatupasa kuuliza: je, hakuna mwingine mwenye haki katika msitu ule, ingawa haonekani?

Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamepata maitansini, sumu kali, katika mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Wakataka zaidi, ndipo zaidi ya tani 20 za ndugu yake zikakatwa Shimba Hills, Kenya, katika ukanda uu huu wa misitu ya pwani ufikao Kilwa na Lindi. Sumu ile iliua seli za saratani, lakini iliwadhuru mno wagonjwa, ikawekwa kando. Baadaye wataalamu wa kemia waliigeuza kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili iipelekayo hadi kwenye seli gonjwa. Mwaka 2013 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti.

Miaka 41! Nani aliyeupita mti ule zamani angaliijua thamani yake? Vivyo hivyo, nani aijuaye leo siri ya Karomia gigas, mti adimu mno ulioonekana tena Kilwa mwaka 2011?

Basi twasema: mgonjwa wa kesho ana haki katika msitu wa leo. Lakini haki ina pande mbili. Mlinzi wa msitu asiachwe na njaa. Wala mama wa Lindi asife kwa kushindwa bei ya dawa ambayo asili yake ni miti ya Afrika Mashariki.