Jina ni la Nani?

Mwaka 2009 iligunduliwa sayari inayozunguka nyota nyingine, ikaitwa GJ 1214 b: namba ya nyota yake katika orodha ya wataalamu, kisha b, maana a ni nyota yenyewe. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa jina lililopendekezwa na Wakenya: Enaiposha, neno la Kimaasai, maana yake eneo kubwa la maji. Ndilo neno lililokosewa matamshi, likawa Naivasha.

Mimi ni mhandisi, namba zinanitosha kazini. Lakini huku ugenini wenzangu waliposhindwa kulitamka jina langu wakalikata, nami nikaitikia miaka yote. Sayari haisikii ikiitwa, mimi nasikia. Kukosea ulimi si dhambi. Dhambi ni kunyamaza mpaka kosa likawa jina.