Kadari na Gurudumu Lililolowa

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa kale waliyajadili hadi taa zikaishiwa mafuta, na ambayo mtu angedhani hayana tena kazi katika mji wenye treni zipitazo chini ya ardhi, ni hili: je, mwenye kujikinga na madhara ambayo huenda Mwenyezi Mungu amekwisha kumwandikia, huyo amepungukiwa na imani, au ametimiza sehemu ya imani yenyewe? Hapa London swali hilo huzuka kila siku ya mvua, na huzuka mahali ambapo shekhe hangelitafuta, yaani chini ya jengo la Queen Elizabeth Hall, ukingoni mwa mto Thames, kwa vijana wenye mbao za magurudumu ambao wengi wao hawajapata kusikia jina la Imamu Ghazali.

Jengo hilo la muziki lilifunguliwa mwaka 1967, na chini yake ukabaki uwazi wenye nguzo nene na miteremko ya zege, ambao haukukusudiwa mchezo wowote. Vijana wakauingia katika miaka ya 1970, wala hawakutoka tena. Mwaka 2013 wenye jengo walipotaka kujenga maduka hapo na kuwahamishia vijana chini ya daraja la Hungerford, palitokea ubishi mkubwa uliokwisha kwa mapatano ya Septemba 2014, na mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imezibwa kwa miaka mingi ikafunguliwa upya. Katika ubishi ule yalisemwa mengi juu ya sanaa na urithi, na yote yalikuwa na haki yake. Lakini mimi nadhani fadhila ya kwanza ya mahali pale ni kuwa pana paa.

Maana mvua ya London ina hila. Kwa kipimo mji huu haupati ila kiasi cha milimita 600 kwa mwaka, ilhali Unguja hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Ila masika ya kwetu humwaga kwa kishindo, kisha jua likatoka na njia ikakauka kabla ya adhuhuri, na manyunyu ya huku hukaa kutwa, yasimloweshe mtu sana wala yasimwache mkavu, yakaacha juu ya lami utando wa maji usioonekana. Utando huo ndio unaoingia kati ya gurudumu na ardhi, na hatari yake huzidi juu ya mistari ya rangi nyeupe, juu ya mifuniko ya chuma ya mitaro, na juu ya majani yaliyooza msimu wa kupukutika. Ubao nao, kwa kuwa ni matabaka membamba ya mti yaliyogandishwa kwa gundi, hunywa maji, ukavimba na kulegea. Nimemtazama kijana mmoja aliyekimbilia chini ya paa lile akiwa amelowa: alikaa juu ya ngazi, akafungua magurudumu manne kwa spana, akatoa beringi zote nane, akazifuta moja moja kwa pindo la fulana yake, kisha akawa anaizungusha kila moja karibu na sikio, akisikiliza kama katika zile gololi ndogo mmeingia mchanga, na iliyolia aliiweka kando. Kazi ile aliifanya kwa utaratibu na ukimya ambao, Mungu anisamehe, sikuuona kwa baadhi yetu tunapotawadha.

Wapo watakaosema kwamba huyo anaogopa maji, na kwamba mwenye imani haogopi kiumbe. Hapo ndipo Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anapohitajika. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alitoa mfano wa moto na pamba, akashikilia kuwa moto hauna uwezo wa nafsi yake wa kuunguza, bali ni Mwenyezi Mungu anayeumba kuungua pale viwili hivyo vinapokutana, kwa ada aliyoipitisha. Na mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu kwa ukali kwamba mwenye kukana sababu amekana akili. Ubishi wao ni mrefu, nami sijifanyi hakimu wake. Ila yafaa kuangalia kwamba hata tukimfuata Ghazali mwenyewe, tukasema kuwa maji hayatelezeshi, hatujapata ruhusa ya kwenda kasi juu ya mfuniko uliolowa, kwa kuwa ada ya Mungu ni jambo la kujuliwa na kutaadabishwa nalo, na mwenye kuijua kisha akaipuuza hajamtegemea Mola wake, amemjaribu.

Tena maji husingiziwa mengi. Katika karne ya 18 alikuwako hapa London fundi kutoka nchi ya Ubelgiji ya leo, Joseph Merlin, aliyejitengenezea viatu vya magurudumu, na inasimuliwa kuwa aliingia navyo katika karamu ya Carlisle House, kule Soho Square, huku akipiga fidla. Na kwa kuwa hakujua kusimama wala kupinda, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo cha thamani ya zaidi ya pauni 500, akakivunja, fidla ikavunjika, naye akajeruhiwa vibaya. Sakafu ilikuwa kavu.

Kisa kinachonituliza zaidi ni cha Khalifa Sayyidna Umar, zama za tauni ya Amwas, takriban mwaka 639, alipokuwa safarini kwenda Sham, na alipofika Sargh akapewa habari ya maradhi, akaamua kurejea. Abu Ubaida, amiri wa majeshi yake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naye akamjibu, kwa maana, kwamba anaitoka kadari na kuiendea kadari nyingine, kama mchunga aliyekuta bonde lenye majani na bonde kame, ambaye popote atakapolisha ngamia wake hatoki katika yaliyoandikwa. Basi na kijana yule, chini ya paa kadari yake ipo, na mvuani ipo vilevile. Kuchagua ndiko kulikoachwa mikononi mwake. Lakini kisa hakiishii hapo, na wanaokisimulia kwa haraka hukikata: Abu Ubaida alibaki na askari wake, akafa kwa tauni ile, wala hakuna mwanachuoni aliyemwita mpumbavu, kwa sababu alibaki kwa ajili ya watu waliokuwa chini ya amana yake.

Hili la amana ndilo linalonifanya niwe mpole kwa mwenye ubao na mkali kwa mwenye skuta ya umeme. Wa kwanza akianguka chini ya jengo lile, aghalabu huumia goti lake mwenyewe. Wa pili, hata akikodi skuta zile zilizoruhusiwa kwa majaribio tangu Juni 2021, ambazo hapa London hazipiti kilomita 20 kwa saa, na ambazo ni marufuku kupanda njia ya waendao kwa miguu, huiona barabara imelowa, akaogopa magari, akapanda juu ya njia ileile aliyokatazwa, akajikinga yeye kwa kumhatarisha kikongwe anayetoka dukani na mwavuli. Akimgonga, husema breki zimeteleza, na wengine wa dini yetu huongeza kuwa imeandikwa. Sikatai kuwa imeandikwa. Nauliza tu ni nani aliyempa haki ya kumchagulia mwenzake bonde kame.