Pasaka, Nairuzi na hoja ya "asili ya kipagani"

Kila Pasaka inapokaribia, hapa Mfaranyaki hoja ile ile hurudi vibarazani baada ya Swala ya Isha: kwamba sikukuu ya wenzetu ni upagani mtupu, mayai na sungura, na jina lake ni la mungu wa kike wa Wazungu wa kale. Vijana wetu huisema kwa furaha, kana kwamba mjadala umekwisha. Lakini Uislamu unatutaka tuwe waadilifu hata kwa tusiokubaliana nao.

Habari ya mungu huyo imetoka kwa mtawa wa Uingereza, Bede, aliyeandika mwaka 725 kwamba mababu zake waliuita mwezi wa Aprili kwa jina la Eostre. Sungura mleta mayai anasimuliwa na daktari mmoja wa Ujerumani mwaka 1682, karne nyingi baada ya Ukristo kuenea huko. Isitoshe, jina linaloshambuliwa ni la Kiingereza. Sisi tunasema Pasaka, neno la asili ya Kiebrania, linalokumbusha Wana wa Israili kutoka Misri na Nabii Musa (AS). Na huku Songea sungura huyo yuko wapi? Hata majira ya machipuko yenyewe hatuna! Pasaka hutukuta mvua zikielekea ukingoni na mahindi yakikomaa.

Tena hoja hii ni panga la makali mawili. Kule Makunduchi, Unguja, ndugu zetu Waislamu huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, akina mama huimba. Asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi tangu kabla ya Uislamu. Kwao huangukia Machi. Kwetu imesogea hadi Julai kwa sababu hesabu ya pwani ilikuwa ya siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu. Wazee wa pwani waliihesabia misimu ya kulima na kusafiri baharini. Je, kuhesabu misimu nako ni upagani?

Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo tangu Jahiliya, akawaambia Allah amewabadilishia kwa Idd mbili. Baadhi ya wafafanuzi wanasema mojawapo ilikuwa Nairuzi. Basi kesi imekwisha? Haijaisha. Waislamu waliposita kufanya Saa'i kati ya Safa na Marwa, kwa kuwa pale palihusishwa na masanamu, iliteremka Aya ya 158 ya Suratul Baqara kuwaondolea shaka. Mtu atasema Saa'i asili yake ni Bi Hajar, masanamu yalikuja baadaye. Kweli kabisa. Lakini hapo amekwishakubali kwamba si kila kilichopita mikononi mwa washirikina ni chao.

Kinachopaswa kuulizwa ni tendo linasema nini leo. Anayeutazama moshi wa kile kibanda ili ajue mwaka utakuwaje, tatizo lake ni itikadi aliyonayo leo, hata kama Waajemi wasingekuwapo duniani. Anayecheza tu na kula na wageni, mwulize kwanza anakusudia nini kabla ya kumhukumu.

Na Pasaka? Muislamu haiadhimishi kwa sababu inahusu kusulubiwa na kufufuka, jambo ambalo Qur'an, Suratun Nisaa Aya ya 157, inalikanusha. Hiyo ndiyo sababu, na inatosha. Kumwambia jirani kwamba anaabudu sungura ni kumsingizia. Yeye anajua anachokiamini. Amekipata kanisani, na Wabenediktini wako Peramiho tangu mwaka 1898.

Mji huu una nyumba ambamo baba ni Muislamu na shangazi ni Mkristo. Siku ya Idd shangazi huyo huketi nasi, tukampakulia. Akituuliza kwa nini hatuendi naye kanisani Jumapili ya Pasaka, anastahili kuelezwa habari ya Nabii Isa (AS) kama tunavyoiamini, kwa adabu, akiwa bado na sahani yake mkononi.